Mrija wa Nne wa Wazima

Maabarani walimwita Bi Taratibu, na jina hilo halikuwa tusi. Wenzake walipokuwa wanamimina damu harakaharaka ili wawahi chai, yeye alisimama mbele ya meza yake, kiwiko kimetulia, pumzi ameibana, akaachia tone moja, akangoja, akaachia la pili. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuvunja mrija wala kuchanganya namba. Wapo watu wanaosifiwa kwa sura, wapo wanaosifiwa kwa maneno. Yeye alisifiwa kwa kutokosea, na sifa ya namna hiyo ni mzigo, maana anayeubeba haruhusiwi kuutua hata akichoka.

Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wenzake. Kabla ya kufungua kabati la joto, lile linalotunza chembe za damu zikiwa hai, alikuwa anagonga mara mbili na kusema, "Hodi." Kabati lenyewe lilikaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, likinguruma mchana kutwa kwa sauti nyembamba, na ndani yake joto lilikuwa lile lile la mwili wa binadamu, halipungui wala halizidi. Karani wa maabara, bwana mcheshi aliyeandika lebo za mirija yote na aliyezijua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua, alimwuliza siku moja anatarajia nani amjibu.

"Simtarajii mtu," alisema Bi Taratibu. "Lakini humo ndani kuna watu."

Karani alicheka. Kisha akakumbuka ni nani aliyebandika zile lebo, na kicheko kikamwishia njiani.

Kazi yao yenyewe ilikuwa hivi. Watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walikuja kliniki ya chini, wakakubali kutoa damu kwa ajili ya utafiti, na mirija ikapandishwa ghorofani kwa Bi Taratibu. Katika damu ya kila mtu kuna askari wengi wa kupigana na maradhi. Miongoni mwao wapo wachache, pengine watano katika kila mia, ambao hawapigani kabisa. Kazi yao ni kuwashika wenzao mikono. Maabarani waliitwa watulizaji. Daktari aliyeongoza utafiti, mama mmoja mrefu mwenye miwani isiyokaa puani, aliwaeleza wageni kwa mfano wa shangazi katika ugomvi wa ukoo: wote wanapayuka, viti vinarushwa, yeye anasimama katikati anasema basi, yaishe.

"Sasa shangazi huyu anaweza kuiokoa nyumba isiteketee," Daktari alikuwa anasema, "maana mwili ukiwaka kila siku kwa hasira ya kirusi, unajichoma wenyewe. Na anaweza pia kumnyamazisha yule anayejua mwizi amejificha wapi. Mimi nataka kujua anafanya lipi."

Ili kujua hilo, Bi Taratibu aligawa damu ya kila mtu mafungu mawili. Fungu moja aliliacha na watulizaji wake. Katika jingine aliwatoa watulizaji kwa sumaku, kwa upole, kama mtu anayechambua mchele. Kisha mafungu yote mawili aliyapa vipande vya kirusi, vilivyokufa, visivyoweza kumdhuru mtu, akayaingiza kwenye kabati na kuyaacha siku tatu. Siku ya tatu alichukua maji ya kila fungu, akayaweka kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, akatia dawa ya rangi. Kishimo kikibaki cheupe kama maji, askari wamekaa kimya. Kikigeuka njano, wamewaka. Wenye watulizaji walitoa njano hafifu, rangi ya chai iliyoongezwa maji mara nyingi. Walioondolewa watulizaji walitoa njano nzito, ya kuumiza macho, hata Bi Taratibu alihisi kama amefungua mlango wa chumba ambamo watu walikuwa wakimsubiri kwa hasira.

Kilichomtisha zaidi ni namba kumi na moja. Mwenye namba hiyo alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, kwa ajali ya barabarani, lakini sehemu ya damu yake ilihifadhiwa kwenye pipa la baridi kali. Waliiyeyusha, chembe zikaamka, zikapewa vipande vya kirusi. Siku ya tatu zikageuka njano. Mtu yuko kaburini, mkewe ameshaolewa na mwingine, na askari wake bado wanamjua adui yao na wanamkasirikia. Siku hiyo Bi Taratibu hakunywa chai.

Basi. Kila sahani ilihitaji pia damu ya watu wasio na virusi, ili pawe na kitu cha kulinganisha. Damu hiyo ilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mlangoni mwa friji palibandikwa karatasi yenye majina yao na tarehe za zamu, na mirija yao iliitwa Wazima: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kwa maandishi ilikuwa hiari. Kwa desturi, ukiruka zamu watu wanakutazama mkono, wanakutazama uso, halafu wanatazamana. Askari wa mtu asiyewahi kukutana na kirusi hawakijui, kwa hiyo vishimo vya Wazima vilibaki vyeupe, uwaondoe watulizaji usiwaondoe. Ndiyo ilikuwa raha ya mistari ile. Macho yalipumzika pale.

Bi Taratibu alikuwa amekwisha kuipiga chenga zamu yake mara tatu. Mara ya kwanza alisema damu yake ni pungufu. Mara ya pili alisafiri. Mara ya tatu aliugua mafua ambayo hakuna aliyemsikia akiyapigia chafya.

Sababu ilikuwa moja, na aliijua kwa miaka minane. Yeye mwenyewe aliishi na virusi. Alivipata wapi hakupenda kufikiria, na sisi pia halituhusu. Alichukua dawa zake katika mji mwingine, safari ya saa tatu, akazihifadhi kwenye chupa ya vitamini, akazimeza kila siku bila kukosa, na kwa sababu hiyo kirusi kilikuwa kimelala kiasi kwamba vipimo havikukiona tena. Afya yake ilikuwa njema kuliko ya Karani. Utasema: mtu anafanya kazi humo humo, anajua kila kitu kuhusu maradhi haya, anaogopa nini? Ndivyo tunavyosema sote tukizungumzia aibu ya mwenzetu. Yetu inapofika, elimu yote inakaa kando. Aliogopa siku moja kuingia chumba cha chai na kukuta mazungumzo yamekatika.

Mara ya nne Karani alimwita mbele ya watu. "Bi Taratibu, hiyo damu yako ni ya dhahabu? Sote tumechomwa, wewe tu bado."

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Usiku ule usingizi ulimpaa.

Aliishi na mdogo wake, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Mdogo wake alikuwa msusi, na tangu utotoni walimwita Chiriku, kwa kuwa domo lake halikuwa na kifuniko. Sebule ndiyo ilikuwa saluni: kioo kirefu chenye ufa pembeni, viti viwili vya plastiki, kopo la vitana, na wanawake kutwa nzima wakisukwa na kusimuliwa. Chiriku aliweza kusuka kichwa kizima, akamaliza ndoa za watu watatu na mazishi ya wawili, na mkono wake usikosee hata msuko mmoja. Hakuugua. Wengine wakishikwa na homa, yeye alipita katikati yao akiwapelekea maji.

Saa kumi na moja alfajiri Bi Taratibu alimwamsha. Alikuwa amekwisha kuvaa glavu, sindano iko mezani, na mrija wenye kifuniko cha kijani.

"Nisaidie jambo," alisema. "Kazini wanataka damu ya mtu asiye na kitu. Yangu ni pungufu, na wamenichosha kwa maneno. Nipe yako kidogo. Haina jina, ni namba tu."

Chiriku alikaa kitandani, nywele zimemsimama upande mmoja. Alitazama sindano. Alitazama glavu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Bi Taratibu alimwona mdogo wake akitafuta neno asilipate.

"Unaogopa sindano?"

Chiriku alinyoosha mkono wa kushoto, akageuza uso ukutani, na akakaa hivyo mpaka mrija ukajaa. Damu ilitoka taratibu, nyeusi katika mwanga ule mdogo. Bi Taratibu aliifunga kwenye leso, akaiweka kifuani ipate joto, akaenda nayo kazini. Alihisi uvuguvugu wake njia nzima, kama anambeba mtoto. Maabarani alisema nesi wa chini amemtoa damu alipokuwa akipita. Karani akapiga makofi, akaandika lebo: Mzima wa Nne.

Siku tatu zilizofuata nyumbani kulikuwa na jambo. Chiriku alikuwa kimya. Alisuka kimya, alipika kimya, akala kimya. Wateja walianza hadithi wenyewe, zikafa. Mmoja alimwuliza Bi Taratibu mlangoni kama kuna msiba. Jioni ile sebule ilikuwa kimya kama maji ya mtungini, na kitana kilipopita nywelani ulisikia kila jino lake. Bi Taratibu alidhani mdogo wake amekasirishwa na sindano ya alfajiri, akajiambia atamnunulia kitu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani huwa anawakumbuka wahenga kwa wakati?

Siku ya tatu aligonga kabati mara mbili. "Hodi." Akatoa mirija, akajaza sahani, akatia dawa ya rangi, akaketi kungoja. Chumba kilinguruma. Namba thelathini, njano kama kawaida. Namba thelathini na mbili, njano. Mzima wa Kwanza, weupe. Wa Pili, weupe. Wa Tatu, weupe. Mzima wa Nne, fungu lenye watulizaji: weupe, isipokuwa kivuli kidogo ambacho mtu mwenye haraka asingekiona. Akashusha macho mstari wa chini, fungu lisilo na watulizaji.

Vishimo vilikuwa vinageuka akivitazama. Vitatu, kimoja baada ya kingine, njano, njano nzito, mpaka vikalingana na vya wagonjwa.

Hofu ilimshika. Haikuwa hofu ya kosa. Ilikuwa hofu ya kuona kitu kikimtazama. Ndani ya damu ile kulikuwa na askari waliomjua adui huyo kitambo, waliompigia kelele, na juu yao wengine wachache waliowaziba midomo vizuri kiasi kwamba kwa nje usingesikia hata mnong'ono. Yeye kwa mkono wake amewaondoa waliowaziba, na sasa wanasema.

Karani alichungulia begani mwake. "Ee, leo Bi Taratibu kachanganya mirija." Akasema kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka kumi na tisa. "Umeweka mgonjwa kwenye mstari wa wazima."

"Labda," alijibu.

Na hapo mlango ulikuwa wazi. Angekubali tu: nimechanganya, binadamu hukosea. Wangecheka wiki moja, wangeitupa sahani, na mambo yangeishia hapo. Sifa ingechubuka kidogo na siri ingebaki nzima. Lakini Bi Taratibu alijua hakuchanganya kitu. Alijua pia mambo mawili ambayo Karani hakuyajua. La kwanza, damu ile ilikuwa ya nani. La pili, watulizaji hawadumu. Kirusi kinaendelea kuzaana chini ya ule utulivu, kinaingia humo humo ndani ya askari, na askari wanapungua, na watulizaji nao ni askari. Siku moja wanabaki wachache mno, moto unashika nyumba nzima, na mtu aliyekuwa haumwi hata kichwa anaanguka. Bila dawa ndivyo mwisho unavyokuja. Akinyamaza, anamwachia Chiriku mwisho huo. Akisema, Chiriku atauliza swali moja tu, na jibu lake ndilo alilolificha miaka minane.

Alirudia kipimo kwa damu iliyobaki, peke yake, bila kumwambia mtu. Siku nyingine tatu. Hizo siku tatu hakusema hodi; alikuwa anafungua mlango kwa ghafla, kama mtu anayetaka kuwafumania waliomo. Jibu lilikuwa lile lile, njano ile ile.

Akaenda ofisini kwa Daktari, akafunga mlango.

"Mzima wa Nne si mimi," alisema akiwa amesimama. "Ni mdogo wangu. Nilimtoa damu nyumbani."

Daktari alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi. "Kwa nini?"

Kabla hajajibiwa, Daktari alitikisa kichwa. "Usiniambie. Sina haki ya kukuuliza hilo. Lakini ile zamu ni hiari, unajua. Ungesema tu hutaki."

"Daktari, majina yetu yako mlangoni mwa friji. Anayesema hataki anakuwa amekwisha kusema."

Daktari alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki ukimwonyesha kosa lake anaumia sana. "Niliibandika mimi ile karatasi," alisema polepole. "Nilitaka zamu ziwe sawa kwa wote." Akavaa miwani tena, ikateleza. "Nitakuandikia barua ya onyo, na mirija ile itatoka kwenye utafiti. Hilo halina mjadala. Na mdogo wako, sikiliza vizuri: kipimo chetu si cha kumwambia mtu hali yake. Usimwambie ana kitu. Mwambie akapime."

"Ndiyo, Daktari."

"Leo."

Alitoka mapema siku hiyo. Alipofika nyumbani mteja wa mwisho alikuwa anajitazama kwenye kioo, anashukuru, anaondoka. Chiriku alikuwa anafagia nywele sakafuni. Jua la alasiri liliingia dirishani, na bado sebule ilikuwa na ubaridi, na ile hali ya vishimo vyeupe, ya kitu kinachokaa kimya kwa makusudi.

"Chiriku, kaa kidogo."

"Nimesikia." Akakaa. Ufagio akaulaza mapajani.

"Ile damu niliyokutoa."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilichokijua kabla yako, dada." Alisema bila ukali. "Nilipima mwaka juzi, kwenye hema walilopiga karibu na soko. Wakaniambia. Wakanipa na karatasi ya kwenda kuanza dawa. Nikaikunja."

"Mwaka juzi? Na hujaanza?"

"Siumwi. Si unaniona? Sikohoi, sikondi, hata mafua yananikimbia. Nikasema labda mimi na hicho kidudu tumepatana. Kila mtu anakaa upande wake." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likamkataa. "Usiku nikilala nasikiliza ndani. Hakuna kitu. Kimya kabisa. Mwanzoni nilifurahi. Siku hizi kile kimya kinanitisha kuliko maumivu, maana naona kama kuna mtu humo amebana pumzi."

"Yumo," alisema Bi Taratibu, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Hamjapatana. Kuna walio ndani yako wanaowanyamazisha wenzao ili mwili usiungue, na wanafanya kazi nzuri, nimewaona. Lakini humo humo ndani ya kimya chao kirusi kinajenga. Na wao watachoka, Chiriku. Wakichoka, hutapata hata siku ya kujiandaa. Dawa inakizuia kirusi kisizaane, na hapo ndipo na wao wanapumzika."

Chiriku alikuwa anazungusha mpini wa ufagio mikononi. Bi Taratibu alimwangalia, na hasira ikampanda, hasira ya mtu aliyepata hofu ya siku tatu kwa ajili ya mwenzake.

"Sasa kwa nini ulinyoosha mkono? Ulijua. Ungeniambia sitaki, ingekuwa imekwisha."

"Ningekuambiaje?" Chiriku aliinua macho. "Ulinijia hakujapambazuka, umevaa glavu, sindano tayari, ukasema wanataka damu ya mtu asiye na kitu. Ningekataa, ungeuliza kwa nini. Nikaona bora unitoe damu kuliko uniulize."

Miaka kumi na tisa ya kutokosea, na hili alikuwa amelifanya juu ya kitanda cha mdogo wake, kwa mikono yake iliyotulia: kile kile alichofanyiwa yeye kazini, tena kibaya zaidi, kwa kuwa kazini angalau walikuwa wanacheka. Alitaka kumwomba radhi, lakini Chiriku alikuwa hajamaliza.

"Na wewe, dada. Una mikono miwili. Kwa nini hukutoa yako?"

Nje mtu alipita akivuta kitu kizito, kikakwaruza lami mpaka kikaishia kwenye kona. Bi Taratibu alisubiri kikwaruzo kiishe kana kwamba alikuwa ameombwa akisubiri. Halafu akasema. Alisema kwa sentensi fupi tatu: miaka minane, mji ule mwingine, chupa ya vitamini. Alipomaliza alikuwa anatetemeka, yeye ambaye tone halikumponyoka.

Chiriku aliulaza ufagio sakafuni. "Nilikuwa najiuliza," alisema, "hii vitamini gani inayojua saa." Kisha wakacheka, wote wawili, kicheko kibaya, cha kwikwi, kilichogeuka kilio bila mmoja wao kujua kiligeukia wapi. Walikuwa wamelala wakitenganishwa na ukuta mmoja miaka yote hiyo, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kumdanganya, na nyumba ilikuwa imetulia vizuri sana.

Baadaye, macho yamekauka, Chiriku alitoa sharti. Alilitoa akiwa amesimama, mkono kiunoni, ndiyo namna yake.

"Nitaenda. Ila si kwenye mji wako huo wa saa tatu. Hapa hapa, kliniki ya chini, kwenu. Siwezi kuwa ninasafiri kwenda kujificha mpaka nizeeke, wateja wangu nimwachie nani?"

"Sawa. Nitakupeleka."

"Sitaki unipeleke. Ukinipeleka na koti lako jeupe utakuwa mtaalamu umemleta mgonjwa, utaongea na manesi kwa Kilatini chenu, mimi nibaki peke yangu. Nataka ukae na mimi kwenye benchi."

"Benchi gani?"

"Dada. Unalijua."

Alilijua. Lilikuwa benchi refu la mbao kwenye korido ya chini, limepakwa rangi ya kijivu, linatazamana na ngazi za maabara. Kila aliyepanda au kushuka kwenda kazini alilipita. Miaka kumi na tisa alilipita mwenyewe, akisalimia bila kuangalia nyuso, kwa adabu, aliamini, kumbe kwa woga.

Kesho yake asubuhi, saa mbili na nusu, alikuwa amekaa juu yake. Alivaa gauni la kawaida. Koti aliliacha nyumbani, na mabega aliyahisi mepesi vibaya, kama mtu aliyetoka nje bila nguo. Aliogopa, hilo tuliseme wazi. Chiriku alikaa kando yake akimshika kiganja, naye kiganja chake kilikuwa na jasho. Nyuma yao, kijana aliyefunika uso kwa kofia. Nyuma yake, mama na mtoto. Hakuna aliyezungumza. Korido nzima ilikuwa na ule utulivu aliouona mara elfu kwenye sahani, wa watu wanaojua jambo moja na kila mmoja amelizibia mdomo.

Karani alishuka ngazi akibeba trei ya mirija. Alimwona, akapita, akarudi hatua mbili.

"Bi Taratibu. Umemleta mgonjwa?"

Angesema ndiyo. Lilikuwa neno moja, na nusu yake ingekuwa kweli. Alihisi vidole vya Chiriku vikilegea, tayari kumwachia.

"Hapana," alisema. "Tumekuja wawili."

Karani alitazama mkono wake, akatazama uso wake, halafu hakupata wa kutazamana naye. Yeye mcheshi, mwenye neno kwa kila mtu, akasema tu, "Haya, Bi Taratibu," akashika njia yake.

Mlango wa kliniki ulifunguliwa. Nesi, yule yule aliyekuwa akisalimiana naye kila asubuhi kwa miaka kumi, alisimama na daftari, akaita wa kwanza. Chiriku aliinuka. Akasimama sawa, akaanza kutembea. Nesi alimpisha, kisha akamwona aliyekuwa amekaa naye, na kalamu ikasimama juu ya karatasi.

"Na wewe, dada yangu?" aliuliza kwa sauti ya chini, ya kumpa nafasi ya kukataa. "Unamsubiri tu, au nikuandike?"

Korido yote ilikuwa inasikiliza bila kugeuza vichwa.

"Niandike," alisema Bi Taratibu.